Mwaka Nkala Balihama Kafubu

Mu nyumba yangu, mugeni akikuta kadudu mu glasi ya mayi, hakalipe. Bakwe zangu bote bamezoea. Anakatoa na kidole, anakaweka ku dirisha, anasema "asante mama," anakunywa. Mujukuu yangu, ule wa kusoma sana, ananiambiaka: "Kambo, unatupatisha haya mbele ya bantu." Mi namujibu: haya haijaua muntu, mayi ya kungaa njo inauwaka. Anacheka. Anafikiri ni mizaha, ju kila kintu mi nasema bantu banafikiri ni mizaha. Na sikatae: mi ni muongo wa kuzaliwa, hata ule mama mwenye alinipokea siku nilitoka tumboni nilimudanganya saa ya kufika, akaenda kulala, akarudia akakuta nimeisha kukaa. Lakini hii ya mayi sikuitia chumvi. Ilikuya na chumvi yake yenyewe.

Juma iliyopita balinipigia simu asubui: "Mama Mado, Zaina ametuacha." Nilitoka kwangu Kamalondo na kiatu moya nyekundu na moya nyeusi, sikuona, mpaka kule njo batoto balinionyesha. Kwa Zaina, pembeni ya muto Kafubu, banamuke ba Islamu balikuwa ndani ya nyumba banamuosha. Siye bengine tulikaa inje ku mukeka, kimya. Mi, kimya! Kama Zaina angeniona angeamuka ju ya kushangaa. Kisha nikasikia makasi. Ndani mule muntu alikuwa anakata kitambaa nyeupe ya sanda, kitambaa mupya, ngumu, krrr, krrr, na ile sauti ikanibeba sawa muto inabeba jani, ikaniangusha mu ile mwaka yenye nilikaa mu ile ile lupango, kiwanja ya Zaina, nikiwa musichana mwenye meno yote mu kinywa.

Nani alinizaa, nilikuwa wa ngapi mu batoto, ile tuache, haina utamu. Mujue hii tu: Zaina alikuwa rafiki yangu wa Kamalondo, mukubwa kwangu kidogo, njo maana nilimuita yaya. Bwana yake Amisi alikuwa fundi wa kushona, muntu wa kimya, mwenye bidole birefu na byepesi, sindano ilikuwa inamufuata yenyewe. Mashini yake ikakufa, kazi ikapotea, mwenye nyumba akabaonyesha mulango, bakaenda kujenga kanyumba ya matofali ya udongo kule ku muto, fasi mji haikufika bado. Zaina akaniita: "Mado, kuya ukae na siye. Nyumba yenye haina kicheko, hata panya banahama." Nikaenda na sufuria yangu ya kukaanga bitumbua. Byumba bilikuwa mbili. Moya ya beye na mutoto. Ya pili ilikuwa yangu, na ya mbabula yetu ya kupikia, na ya gunia ya makala, na ya kuku moya mwenye alikuwa analala ku miguu yangu na kukoroma kunishinda. Ukuta ya katikati haikufika ku malata, mabati ya paa, basi maneno ilikuwa inapita juu sawa moshi. Beye bakisema "chumvi," mi nasikia kiu.

Na muto! Kafubu ya ile wakati haikuwa ule mugonjwa munaona leo. Fasi yetu muto ilikuwa inazunguka, inafanya mukono ya kulala, na mule njo tulikuwa tunachota. Mulijaa bantu, nasema bantu ju sijui namna ingine ya kubaita. Kulikuwa nkala, bale benye ba masomo banaitaka kaa, bakubwa sawa beseni. Moya aliniiba sabuni, kesho yake nikaona batoto yake bote banangaa, bananukia. Kulikuwa misundu, ile midudu ya kunyonya damu, mirefu sawa kravati. Na ile wakati serkali ilikataza kravati, basi mu inchi muzima ni beye tu balikuwa banavaa, na hakuna mwenye alibakamata. Kulikuwa tududu twa miguu myembamba twa kutembea juu ya mayi sawa nabii mwenye haraka. Konokono balishika ku matete sawa bifungo ku koti. Makome balilala chini mu matope, na gamba ya kome njo tulikuwa tunakwangulia sufuria ya bukari, ugali yetu. Hakuna chuma yenye inaishinda. Ukichota ndoo, hauchote mayi, unachota mukutano.

Zaina alikuwa anabachukia bote. Alikuwa na sababu. Mutoto yake wa kwanza alikufa mbele ya kutambaa, na wa pili alikufa siku zenye alikuwa anajifunza kusimama ku ukuta. Bote babili, tumbo ya kuharisha. Bamama bakubwa balimuambia: ni mayi ya muto, ni madudu. Sasa alikuwa na Musafiri, wa tatu, mutoto mwenye mashavu sawa bitumbua zangu za siku ya kwanza, mbele sijaanza kupunguza unga. Zaina hakuomba mali, hakuomba nyumba ya sima, ya saruji. Alikuwa anaomba kintu moya: Musafiri atembee, atoke ku mulango afike ku papai na miguu yake. Amisi alimushonea kanzu ndogo nyeupe, na mukono, bila mashini, akaitundika ku musumari. "Ya siku ya kutembea," akasema. Kila asubui Zaina alikuwa anaangalia ile kanzu sawa bengine banaangalia saa.

Na mayi ya Musafiri alikuwa anaichuja. Kitambaa yake ya kuchujia ilikuwa kipande ya sanda. Siku balizika ule wa pili, Amisi njo alikata kitambaa. Mutoto alikuwa mudogo, kipande ikabakia, na Zaina akakatala kuitupa. Akaniambia: "Yenye ilifunika mukubwa itachunga mudogo." Alikuwa anaifunga ku kinywa ya chungu, anamwanga mayi polepole, kisha anafungua, anaangalia nani ameshikwa. "Ah, uko hapa? Na wewe? Na bibi yako?" Kisha anabakungutia bote ku makala ya moto, psss, psss, na uso yake pale... mi mwenye nilikuwa nachekea hata matanga, pale nilikuwa nageukia sufuria yangu. Kisha anachemsha. Mi nkala nilikuwa nakula, na pilipili, nanyonya mpaka kucha. Zaina anageuza uso: "Kintu yenye inakaa mu mayi na ku inchi kavu, moyo yake haiko fasi moya." Namuambia: "Yaya, hata bwana ya jirani iko vile, na bibi yake anamupikia."

Ile mwaka, mvua ilipoisha, mji ikaanza kutukuyia. Usifikiri tulilia. Tulicheza! Katapila zilifika, zikakwangua miti juu ya kilima, bakaanza kujenga quartier mupya, nyumba za sima kwa mustari, na barabara. Mi niliuzia benye kujenga bitumbua mpaka mafuta ikaniomba mapumuziko. Kasongo, mukubwa wa cellule yetu ya Chama, ile chama moya tu ya serkali, mwenye abacost moya, koti ya bila kravati, yenye alikuwa anafua Ijumaa na kuvaa ikiwa bado na mayi, alikuwa anapita mu kila lupango: "Citoyens, citoyennes, mji inafika! Courant ya taa itakuya! Robinet ya mayi itakuya!" Kwanza ikakuya kaniveau. Mufereji ya beton, kubwa, bibi-arusi angeweza kupita mule na mwavuli wazi. Ilianza juu ku quartier mupya, ikashuka, ikaishia pale pale ku mukono ya muto, hatua kidogo juu ya fasi yetu ya kuchota. Tulisema: angalia, mji imetukumbuka.

Pembeni ya kaniveau patron moya akafungua atelye. Alikuwa ananunua batri za zamani za bamotokari, banazivunja, banatoa plomb ya ndani, ile risasi nzito, banaiyeyusha, anauzisha. Amisi akapata kazi. Siku ile tulikula wali na samaki tomson, kila muntu na kichwa yake, na kuku wangu wa kukoroma alihama ku miguu yangu akaingia mu sufuria, Mungu amupumuzishe. Asubui yake, mi niko nawasha mbabula, nikabasikia juu ya ukuta.

"Kazi gani hasa, baba Musafiri?"

"Kuvunja. Napiga na nyundo, mayi yake namwanga mu kaniveau, kisha natoa ile ya ndani."

"Ile mayi inachoma?"

"Inachoma suruali tu."

Ilikuwa kweli. Suruali yake ilijaa tutundu. Mi nikapiga kelele toka upande yangu: "Shemeki, ile suruali uipatie Zaina achujie mayi!" Tulicheka, batatu, kila muntu upande yake ya ukuta, na Musafiri naye akacheka bila kujua. Leo ile kicheko ikinirudia, naitafutia fasi ya kuweka, sipate.

Kisha ikakuya salongo. Batoto ba leo habajui: siku ya posho, Jumamosi, kila muntu, apende asipende, anabeba jembe anafanya kazi ya bure ju ya inchi. Kasongo akasema, tukatengeneze muto, bageni ba quartier mupya basituone bachafu. Tulikata matete yote ya ile mukono, tukatoa majani, tukafagia inchi ya pembeni na mifagio. Ndiyo, tulifagia pembeni ya muto, nkala banatuangalia sawa bantu benye banatembelewa na polisi. Jioni fasi ilingaa sawa kichwa ya mwenye upara. Kasongo akatuimbisha nyimbo za Chama mpaka sauti ikatuisha.

Haikupita hata juma. Asubui moya bibi ya Kasongo akalia kule chini: "Mado! Leta gunia! Leta beseni! Nkala banahama!" Nikashuka mbio. Wapendwa, sikuona kintu sawa ile tena. Nkala balikuwa banatoka mu mayi. Bakubwa, badogo, ba mama benye batoto ku tumbo, banapanda ku inchi kavu, banatembea kando-kando, banapita pembeni ya miguu yetu bila kuogopa, bengine bameisha kufika ku mulango ya Zaina. Hapa siongeze: inchi ilikuwa inatembea. Na misundu ilikuwa imejikunja juu ya majiwe. Mi nikasema: "Banaenda mukutano ya Chama, bamechelewa!" Bantu bakaanguka na kicheko. Tukabaokota na majembe. Bibi ya Kasongo akasema Mungu anarudisha mushahara ya salongo, na hakuna mwenye alikatala. Tulikula nkala ile siku, na kesho yake, na ya tatu, tukakausha zenye zilibakia. Harufu ya supu ilifika mpaka ku quartier mupya. Hakuna hata muntu moya, na nasema hata mi mwenye kinywa haifungake, aliuliza: bantu bakihama bote mu nyumba, mu nyumba muko nini?

Kisha nkala kuhama, mayi ikangaa. Mbele ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sasa ungeona sindano chini. Hakuna kadudu ka kutembea juu. Hakuna konokono. Makome bakafungua midomo, ndani haiko kintu. Hata mbu bakapotea, tukalala bila kujipiga makofi. Kasongo akaita bantu bote pale pembeni. Akachota glasi, akaiinua ku jua.

"Citoyens! Munaona nini mu hii glasi?"

"Hakuna!"

"Hakuna nini?"

"Hakuna kadudu!"

"Nani alibafukuza?"

"Salongo!"

Akakunywa yote, akateuka, tukapiga makofi, tukacheza. Hakutudanganya, aliamini, alikunywa mbele yetu. Zaina akasogea, na Musafiri ku mugongo. "Papa Kasongo, bamekwenda kweli? Habarudie?"

"Mama Musafiri, bamehama. Hata beye banajua mji inafika. Madudu ni ba mugini, ba kijiji."

Zaina alirudia ku nyumba, akafunga kitambaa ku chungu, akamwanga ndoo muzima, akafungua. Nyeupe. Akamwanga ingine. Nyeupe, sawa siku Amisi aliikata. Akakaa chini, kitambaa ku magoti, akalia kulia ya furaha, ya kukaukia, sawa muntu mwenye bamemufungua mu gereza. Akaniambia: "Mado, ningekuwa na hii mayi mbele, ningekuwa na batoto batatu." Akafua kile kipande, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa ya Musafiri. Tangu ile siku hakuchuja tena. Hakuchemsha tena. Makala ya nini? Mayi ilikuwa safi, bantu bote bameona.

Saa zingine leo nakaa ku mulango yangu ya Kamalondo, musiki ya ba bar inapiga kushoto, cherehani ya jirani inapiga kuume, motokari, batoto, nasema: asante. Kelele ni bantu bako. Ku Kafubu, kisha nkala kuhama, ilikuwa kimya. Kerengende hakuna, chura akanyamaza, ndege mwenye alikuwa anakula konokono akaenda kutafuta kwingine. Tuliita ile kimya amani. Lenga-lenga ya Zaina, ile mboga ya mchicha, yenye alikuwa anamwangia ile mayi, ikaanza kukauka ku kingo ya majani, sawa karatasi yenye imepitishwa pembeni ya moto. Tulikata kingo, tukapika ya katikati.

Musafiri alikuwa ameisha kusimama ku ukuta. Aliachilia mukono moya, akaangalia papai, akatucheka. Amisi akatoa kanzu ku musumari, akaipima ku mugongo yake, akaongeza upindo kidogo. Kisha mutoto akakaa chini, na hakusimama tena. Tumbo ikakuwa ngumu sawa ngoma. Akatapika. Haikuwa kuharisha, hapana, ilikuwa kinyume, na Zaina akafurahi ju ya ile: "Haiko ya bale babili. Hii ni meno tu." Akaanza kumupatia mayi. Kijiko, kijiko. "Kunywa, baba, iko safi. Kunywa." Nilikuwa nakaa pale nashikilia kikombe. Mutoto alikuwa anageuza kichwa, na mama anamurudisha polepole, na mapendo yote yenye iko mu dunia, kijiko ingine. Kisha siku moya mbele ya saa sita, akiwa ku mapaja yake, akakaza miguu, macho ikapanda juu, akaanza kutetemeka sawa malata mu upepo.

Ku dispensaire, ile zahanati, tulikaa ku benchi. Ukuta ilikuwa na rangi ya kijani mpaka katikati, na juu nyeupe, na mutoto wa muntu mwingine alikuwa anakwaruza ile mustari. Infirmier, muuguzi, alikuwa mwanaume wa macho ya kuchoka. Aliangalia Musafiri, akafungua midomo yake, akaangalia nyama ya meno. Kisha akageukia Amisi, mwenye alikuwa anashikilia kofia. Na pale njo niliona kwanza: mukono ya Amisi ilikuwa inainama ku kifundo sawa ua yenye imekosa mayi, kofia inataka kuanguka. Infirmier akamuambia: "Fungua kinywa, citoyen." Ku nyama ya meno yake kulikuwa mustari nyeusi, myembamba, sawa ya kalamu.

"Unafanya kazi wapi?"

"Ku batri."

"Na mutoto anafika kule?"

"Hapana! Mutoto haendeke."

"Munakunywa mayi ya wapi?"

Zaina njo alijibu, haraka, ju ile ilikuwa sifa yake: "Mayi yake ni safi, monsieur. Ya Kafubu, pale chini ya kaniveau. Haina kadudu hata moya."

Infirmier alituangalia mumoya mumoya. Kisha akauliza Amisi, na sauti ya chini kabisa: "Ile mayi ya ndani ya batri, munamwanga wapi?"

Nilimuona Amisi anatembea ile njia yote mu kichwa: nyundo, batri, kaniveau, muto, ndoo, kijiko. Aliifika mwisho. Akaweka kofia ku benchi, polepole, sawa yai.

Nyumbani hakuna mwenye alilia kwa sauti. Ile ukuta yetu fupi, kwa mara ya kwanza, haikupitisha kintu. Kesho yake Amisi akaenda kwa patron, akamuambia ile mayi inaua. Patron hakukalipa, alikuwa muntu wa heshima. Akamuwekea mukono ku bega. "Amisi, Kafubu ni muto mukubwa. Inapeleka byote Luapula." Amisi akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo nyuma ya atelye, ya kumwangia mule. Akachimba na ile mikono yake ya kuinama mpaka patron akamuambia akuye achukue bintu yake. Siku ile ile, mbele ya jua kushuka, tulisikia nyundo tena kule juu. Muntu mwingine alikuwa ameisha kupata kazi, na mi najua bibi yake alipika wali.

Kasongo, mi njo nilimuendea. Nikamuambia byote. Akafunga mulango, yeye mwenye mulango yake ilikuwa ya Chama na ya bantu bote. "Mado, sikia muzuri. Ukisema kaniveau ni mubaya, unasema mji ni mubaya. Ukisema mayi ya salongo iliharibu mutoto, batakuuliza unatumwa na nani. Unacheka-cheka sana, endelea kucheka." Nikaendelea, ju niliogopa. Lakini toka ile siku bibi yake alikuwa anapita mbele yetu asubui na ndoo, anaenda mbali, juu, fasi kaniveau haifike, na jirani bakamuona, na beye bakaanza kupanda juu, mumoya mumoya, hakuna mwenye kuuliza, hakuna mwenye kusema. Vile njo quartier yetu ilijua. Na miguu.

Siye pia tulipanda. Kulikuwa chemchemi ndogo mu miti, bulldozer haikuifikia bado. Zaina alimubeba Musafiri, mwenye sasa kichwa yake ilikuwa inalala upande moya, na macho yake inapita juu yetu sawa tuko dirisha. Akachota. Akatoa kile kipande mu kifua, akafunga ku chungu, akamwanga, akafungua. Katikati ya nyeupe kulikuwa kadudu kamoya, kadogo, kanajikunja, kanajikunjua. Nilingoya nione atakaponda. Alikaangalia mpaka mayi ikaanza kukauka ku kitambaa. Kisha akainama, akamuonyesha mutoto, karibu ya macho yake. "Ona, baba. Iko." Akakarudisha mu chemchemi, akaosha kitambaa nyuma yake, na haraka, asikaumize. "Iko," akasema tena. "Tukunywe."

Mwisho ya ile mwaka nilirudia Kamalondo, nikaolewa, nikazaa, nikanenepa, nikadanganya bantu bengi. Amisi hakushona tena. Miaka kidogo, akakufa na mikono yake juu ya magoti, inaangalia chini. Atelye ilihama, sijui inauwa muto gani sasa. Quartier mupya ilizeeka. Na Zaina alibakia pale na Musafiri, maisha muzima, beye babili tu.

Makasi ikanyamaza. Mulango ikafunguka, mwanamuke moya akatoa mukono inje na kipande ya sanda yenye ilibakia, akasema: "Hii tuiweke wapi?" Mbele muntu ajibu, Musafiri akasimama. Ni mwanaume mukubwa sasa, ndevu yake iko na nyeupe, kanzu ilishonwa na muntu wa sokoni. Alitembea, ndiyo, alikuwa ametembea mwishoni, akiwa mukubwa kupita ile kanzu ndogo mara mbili, na mpaka leo anaburuta muguu. Akachukua kile kipande. Akaenda ku pipa ya mayi pembeni ya papai, papai ingine, ya zamani ilikufa. Akafunga ku kinywa ya chungu, akamwanga, akafungua, akaangalia. Banamuke ku mukeka bakaanza kunongona: "Mumukataze, leo ni siku ya matanga." Nikabaambia banyamaze, na kwa vile mi njo nilisema kunyamaza, bakanyamaza kweli.

Alikuwa na neno moya tu mu maisha yake. Akageuka, akainua kitambaa na mikono mbili kuelekea mulango ya chumba yenye mama yake alilala, sawa alikuwa anafanya kila siku ya Mungu, amuonyeshe. Katikati kulikuwa kadudu, kanacheza.

"Iko," akasema.

Akangoya. Ndani hakuna mwenye alijibu. Akainua juu zaidi, pengine mama hakuona.

"Iko."

Nikasimama na biatu zangu za rangi mbili, nikamukaribia, nikashika kikombe. "Iko, baba," nikamujibu. "Tukunywe."